Nani kamtuma mbwa wa Baskerville?

Niseme mapema ili mwenye kubisha aanze kujiandaa: kitabu cha upelelezi chenye picha si kitabu cha watoto. Na riwaya ya Kiswahili ambayo ningependa kuiona imechorwa, kurasa nzima nzima, kwa wino mweusi, kwa ajili ya watu wazima wenye ndevu zao na madeni yao ya bodi ya mikopo, ni Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla. Nakala zilizopita mikononi mwangu zilikuwa na mchoro kwenye jalada tu, na nyingine hata hilo jalada lilishakwenda na maji. Ndani ni maandishi mpaka mwisho. Kwa kitabu kile, huo ni ubahili.

Kilichonichokoza ni toleo la picha la The Hound of the Baskervilles, riwaya ya Arthur Conan Doyle, nililolikuta Mbamba Bay kwenye rafu ya nyumba ya wageni. Mnazijua zile rafu: vitabu ambavyo wageni huviacha mizigo inapozidi uzito. Jalada lilikuwa limevimba kwa unyevu wa ziwa na ukurasa wa mwisho haukuwepo. (Anayechana ukurasa wa mwisho wa hadithi ya upelelezi ana kesi ya kujibu siku ya kiyama.) Lakini picha zilikuwa salama. Nikakaa nje nasoma, kijana wa pale mapokezi akaja akasimama nyuma yangu, akaliona lile libwa linalowaka mdomo. Akaangalia kwa muda, halafu akauliza, bila utani wowote:

"Kaka, huyu mbwa katumwa na nani?"

Jamani, hilo ndilo swali la kitabu kizima, na jamaa alikuwa hajasoma hata mstari mmoja! Hakuuliza kama mbwa ni wa kweli. Hakuuliza mbwa gani anatoa moto mdomoni. Aliuliza aliyemtuma. Sherlock Holmes mwenyewe inamchukua sura kadhaa kufika hapo.

Kwa ambao hamjaisoma, nitawapa kwa ufupi na nitaharibu uhondo, maana kitabu kina zaidi ya miaka 120 na muda wa kulalamika umeshapita. Ukoo wa Baskerville una laana. Babu mmoja wa zamani, mtu katili, alimfukuza binti usiku katika nyika za Dartmoor, huko kusini magharibi mwa Uingereza, na inasemekana jibwa kubwa jeusi likamuua. Tangu hapo ukoo unaishi na hadithi hiyo. Sasa Sir Charles, mwenye nyumba na mashamba, anakutwa amekufa nje usiku, hana jeraha, uso umejaa hofu, na hatua chache kutoka kwenye maiti kuna alama za miguu ya mbwa mkubwa. Mrithi anakuja kutoka Kanada. Usiku kunasikika mlio nyikani, mishumaa inapungwa dirishani, na humo humo vinamasini kuna mfungwa mtoro. Mwisho wa yote inagundulika kuwa mbwa ni mbwa. Alinunuliwa dukani London, akafichwa kwenye kinamasi, akapakwa fosforasi mdomoni ili ang'ae gizani. Mwenye mbwa ni jirani mpole anayekamata vipepeo, ambaye kumbe ni ndugu wa siri wa ukoo na anataka urithi. Yaani ni shamba, wadau. Ni kesi ya mirathi.

Kidokezo ninachokipenda kuliko vyote ni cha kiatu. Mrithi akiwa hotelini London anaibiwa kiatu kimoja kipya, baadaye kinarudishwa na kuibiwa kimoja cha zamani. Watu wanaona ni kituko cha hoteli. Holmes anaona kitu kingine: kiatu kipya hakina harufu ya mtu. Aliyekichukua alihitaji harufu ya kumpa mbwa. Sasa, mzimu unahitaji kunusa kiatu? Hapo laana ya ukoo mzima imeanza kuvuja.

Hadithi hii haikuanza kama kitabu. Ilitoka vipande vipande katika jarida la The Strand la London, kuanzia Agosti 1901 hadi Aprili 1902, na ilitoka na picha. Mchoraji alikuwa Sidney Paget, aliyekuwa akimchora Holmes tangu 1891, na kwa Baskerville peke yake alichora picha takribani 60. Inasimuliwa kwamba wenye jarida walitaka kumwajiri ndugu yake Walter, barua ikafunguliwa na Sidney, mambo yakaenda hivyo. Ile kofia ya Holmes yenye visikio, ambayo leo hata mtoto akiiona anasema mpelelezi, haikutoka kwa Doyle. Mwanzoni Doyle alitaja kofia ya kitambaa tu inayobana kichwa. Paget ndiye aliyeamua ni ya aina gani, mwaka 1891, na dunia ikamfuata mpaka leo. Mtu mmoja mwenye kalamu ya kuchorea akatuamulia sote mpelelezi anafananaje.

Ila ukweli ni kwamba kuchora hadithi ya namna hii ni mtihani mgumu. Hadithi ya kutisha ya kawaida haina shida: kuna jini, chora jini. Hadithi ya upelelezi ya kawaida nayo haina shida: kuna maiti, chora maiti. Hii ya tatu, inayoanza na jini na kuishia na mtu mwenye kopo la fosforasi, inamweka mchoraji njia panda. Achore alichokiona mtu mwenye hofu, au kilichokuwepo? Akichora mbwa wa kawaida mapema, ameuza siri. Akichora shetani, amedanganya. Katika toleo nililolishika kule Mbamba Bay mchoraji alikuwa mjanja: kurasa zote za mwanzo anachora nyuso za watu wanaotazama, wala hachori wanachokitazama. Libwa lenyewe linatokea mara moja, karibu na mwisho. Bahati mbaya kijana wetu wa mapokezi alifika siku nimefungua ukurasa huo huo.

Sasa niwaeleze kwa nini swali lake halikunishangaza. Ukiteremka kutoka Mbinga, ukaacha nyuma ubaridi wa Umatengo na mashamba ya kahawa na zile ngoro (yale mashimo yaliyopangwa mteremkoni kama sega la nyuki, ambayo mchoraji yeyote angeyalilia), siku hizi lami inakufikisha ziwani kwa kilomita 66 tu. Ukishafika, kaa na wavuvi jioni. Utaambiwa kuwa kuna mamba wa aina mbili. Kuna mamba, na kuna mamba wa kutumwa. Mamba wa kawaida anajulikana: yupo kwenye mito, yupo pale Ruhuhu unapoingia ziwani karibu na Lituhi, na mwenye akili hachoti maji mahali ambapo kingo zimejaa matete. Huyo wa kutumwa anachagua. Anawapita watu wanne wanaooga, anamchukua wa tano, na wa tano huyo, ukifuatilia, alikuwa na ugomvi na mtu.

Najua mtacheka, hasa nyinyi wa Dar mnaosoma hivi kiyoyozi kinapuliza. Msicheke haraka. Ziwa Nyasa lina kina cha zaidi ya mita 700. Upepo wa kusi ukianza kuvuma katikati ya mwaka, wengine huuita mwera, ziwa linageuka bahari iliyokasirika na mitumbwi inapotea. Kuna siku utaona moshi mzito unapanda kutoka katikati ya maji, mnara mrefu mweusi, na hakuna meli wala moto. Ni wadudu wadogo, kungu, mabilioni yao, waliotoka majini kwa pamoja. Upande wa Malawi wanawakusanya na kuwafinyanga kama maandazi, wanaliwa. Na ukienda Liuli kuna mwamba ambao Wajerumani walipouona waliona sanamu ya Misri ya simba mwenye kichwa cha mtu, wakaiita bandari Sphinxhafen. (Hapo hapo Agosti 1914 meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa juu ya chelezo ikifanyiwa matengenezo ilipopigwa mizinga na meli ya Waingereza, Gwendolen, nahodha Mjerumani akiwa hata hajapata habari kuwa kuna vita. Mnaona? Hata Mjerumani wa Liuli alihitaji gazeti.) Mahali kama hapo mtu haogopi kwa sababu ni mjinga. Anaogopa kwa sababu vitu vinatokea na maelezo yanachelewa kufika.

Na si uongo kwamba mnyama anaweza kuwa "katumwa". Hapa ndipo historia yetu inanogesha mambo kuliko Doyle. Tuchukue mifano miwili. Wa kwanza ni majirani zetu wa Njombe. Kuanzia miaka ya 1930 mpaka 1947 simba walikula watu huko, na makadirio yanayotajwa sana ni watu 1,500. Wenyeji wengi waliamini simba wale wanaongozwa na mganga aliyekuwa amevuliwa madaraka. Bwana nyama Mwingereza, George Rushby, akawawinda mmoja baada ya mwingine mpaka mauaji yakakoma. Walikuwa simba, wanyama, wenye njaa na mazoea mabaya. Wa pili ni Singida, katikati ya nchi, mwishoni mwa miaka ya 1940. Watu wanakutwa wameraruliwa, alama za makucha, kila mtu anasema simba. Uchunguzi ukaonyesha kuwa waliokuwa wakiua ni binadamu, waliovalishwa ngozi za simba, na nyuma yao kuna watu waliowamiliki na kuwatuma kwa malipo. Kesi zikaenda mahakamani na watu wakanyongwa.

Uvumi mmoja, majibu mawili tofauti kabisa. Njombe, simba alikuwa simba. Singida, simba alikuwa mtu. Na Baskerville ni jibu la tatu: mnyama ni mnyama, ila kuna mtu mwenye kamba. Sasa niambie, ungejuaje lipi ni lipi bila kwenda kuangalia? Anayesema "ni uchawi" na anayesema "ni ushamba tu wa watu wa kijijini" wote wawili wamekaa kwenye viti vyao. Hakuna aliyeinama kuangalia alama ya mguu.

Hili linanigusa kikazi. Kwenye chumba kimoja cha habari nilichopitia kulikuwa na sentensi iliyokaa tayari kama soksi kwenye droo: tukio hilo linahusishwa na imani za kishirikina. Bibi kauawa kwa panga, weka sentensi. Mtoto kapotea, weka sentensi. Nyumba imechomwa, weka. Halafu nukta, habari imeisha, inakwenda ukurasa wa nne. Nilipouliza kama tunaweza kumpigia mtu simu atuambie yule bibi alikuwa na shamba kiasi gani na sasa linalimwa na nani, nikaambiwa nafasi haitoshi, kuna tangazo la nusu ukurasa.

Lakini imani haishiki panga. Panga linashikwa na mkono, na mkono una mwenyewe. Tumesoma miaka mingi habari za vikongwe wa Kanda ya Ziwa waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, wakati macho mekundu ya mama aliyepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka 50 yana maelezo ambayo mganga wa zahanati anakupa kwa dakika moja. Tumesoma habari za ndugu zetu wenye ualbino waliowindwa, hasa miaka ile ya 2007 na 2008, na magazeti yakajaza neno ushirikina mpaka likachakaa, ilhali palikuwa na wanunuzi, wasafirishaji, bei. Palikuwa na biashara. Kila mara tunapoandika "imani" mahali pa kuandika jina, kuna mwenye mbwa anapumua kwa raha.

Kwa hiyo yule kijana wa Mbamba Bay simdharau hata kidogo. "Katumwa na nani" ni swali la kipolisi. Wazee wa ufukweni wameliuliza siku zote. Tatizo linaanzia kwenye hatua inayofuata, pale jibu linapotafutwa kwa mpiga ramli na jina linalotoka huwa ni la mjane asiye na mtu wa kumtetea. Swali ni zuri. Wanachokosa ni mtu wa kuuliza habari za kiatu.

Na mtu huyo tunaye! Ndiyo maana nimeanza na Bwana Msa.

Mohamed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Kabla ya kuwa mwandishi alikuwa mkaguzi wa afya. Hebu mfikirieni: kijana anayelipwa mshahara ili akachungulie visima na vyoo vya watu atafute kinacholeta ugonjwa. Baadaye akaingia magazetini, mwaka 1948 akawa mhariri wa Zanzibari, akafanya kazi pia Al-Falaq na Afrika Kwetu, na mwaka 1958 akawa mhariri wa jarida la Mkulima. Kwa hiyo ni mwenzetu, alijua uchungu wa kubana habari ili tangazo liingie. Hadithi yake ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957/58, ikachapwa kitabu mwaka 1960. Hiyo ndiyo Mzimu wa Watu wa Kale. Zikafuata nyingine, Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974 na kadhalika. Alifariki mwaka 1991. Na angalieni herufi za mwanzo za majina yake: M, S, A. Jamaa kajiweka mwenyewe kwenye kesi.

Sitawaharibia uhondo wa hii kama nilivyofanya kwa ile ya Mzungu. Niseme tu kwamba bwana mmoja mwenye mali anakutwa amekufa mzimuni, mahali watu wanapopaheshimu na kupaogopa, na midomo ya watu inajua tayari nani kaua: wenyewe wa mzimu. Anaingia Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum, na Inspekta Seif wa polisi. Bwana Msa hamtukani mtu kwa kuamini mizimu. Anasikiliza kwanza, anavuta kiko, anauliza mambo yanayoonekana hayana maana, ya nani alipita wapi na nani anamdai nani. Wahakiki wamesema kwa miaka mingi kuwa ni Holmes aliyevalishwa kanzu. Kiko kakiazima, sawa, hata mimi naona. Lakini Holmes anaingia Dartmoor kama mgeni kutoka London, na wanavijiji kwake ni sehemu ya mandhari tu, kama ukungu. Bwana Msa anaongea na watu kwa methali zao, kwa mzaha wao, anakaa barazani kwao. Mzimu ule si hadithi aliyosimuliwa kwa barua. Ni wa kwao. Kwangu mimi hiyo ni tofauti kubwa kuliko kiko.

Sasa kwa nini picha? Kwanza kwa sababu ya neno lenyewe. Muulize kijana yeyote wa bara, wa Mbinga, wa Songea, wa Mbeya, mzimu ni nini. Atakuambia ni mtu aliyekufa anayerudi, kitu cheupe kinachotembea usiku, labda kwa sababu ya filamu za Kinigeria na za Bongo. Muulize mtu wa Unguja wa zamani, mzimu ni mahali. Ni pango, au gofu, au mti mkubwa, pana vitambaa vimefungwa, pana ubani umefukizwa, watu wanakwenda kuweka nadhiri. Wangoni na Wamatengo wana mahoka, na mahoka nayo yana adabu zake. Kwa hiyo msomaji wa Mbinga akifungua kitabu akaona neno mzimu kwenye jalada, anasubiri kitu kitembee. Kurasa zinakwisha hakijatembea, anasema riwaya haina kitu. Mchoro mmoja tu wa mahali pale, uliochorwa na mtu aliyekwenda kupaona, ungeondoa tatizo hilo kuliko maelezo ya chini ya ukurasa.

Pili kwa sababu Bwana Msa hana uso. Kila mmoja wetu ana wake. Wangu mimi ni mwembamba, mzee kidogo, macho yamelegea kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Rafiki yangu mmoja anaapa kuwa Bwana Msa ni mnene. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Holmes alipata Paget, Bwana Msa amepata nini?

Mtu asiniambie Watanzania wazima hawataki michoro. Nani hakusoma Sani? Kina Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi, Kipepe, baba zetu walizificha ndani ya magazeti ya maana ili waonekane wanasoma siasa. Kabla ya hapo Uhuru lilikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory, na kuna watu waliosoma Chakubanga wakaacha hotuba. Marehemu Philip Ndunguru, aliyefariki 1986 akiwa bado kijana, alichora kwa mkono ambao mpaka leo wachoraji wanautaja kwa heshima. (Ndunguru! Taja jina hilo sokoni Mbinga watageuka watu kumi.) Faraji Katalambula, mwandishi wa Simu ya Kifo, alitengeneza jarida zima la hadithi kwa picha za kamera, Film Tanzania. Mapenzi ya picha tunayo. Tulichofanya ni kuyagawa: picha kwa vichekesho na kwa watoto wa chekechea, maandishi matupu kwa "fasihi". Nani aliyetuambia hivyo? Wenzetu mwaka 2009 wameitoa Baskerville upya yote kwa michoro, Ian Edginton akiandika na I.N.J. Culbard akichora, na wala haiuzwi kwenye rafu ya watoto.

Kuna suala la pesa, najua. Baskerville ni ya bure: Doyle alifariki 1930, hakimiliki yake Uingereza ikaisha 2000, mtu yeyote anaweza kuichukua akaichora. Ndiyo maana matoleo yake ya picha hayahesabiki. Mzimu wa Watu wa Kale si ya bure na haipaswi kuwa. Ni mali ya warithi, na mchapishaji atakayetaka kuichora aanze kwa kukaa nao mezani na kuandika mkataba unaosomeka. Mchoraji naye alipwe, tena alipwe kwa mrabaha, si ile ya kupewa bahasha moja kisha jina lake linaandikwa nyuma kwa herufi za sisimizi. Lakini wanaosema uchapaji wa picha ni ghali wanazungumzia rangi. Mimi sitaki rangi. Mchoro wa mistari myeusi unapita kwenye mashine ile ile inayochapa herufi, kwenye karatasi ile ile. Hatuhitaji hata kwenda Dubai. Peramiho pale, mwendo mfupi kutoka Songea, Wabenediktini wamechapa vitabu kwa miongo mingi.

Mwingine atasema vijana hawasomi, wako kwenye simu. Kijana wa Mbamba Bay alikuwa na simu mkononi wakati anauliza swali lake. Siku ya pili nikamkuta amelichukua kabisa lile la Baskerville, anafuatisha picha na Kiingereza chake cha kidato cha nne, ameshafika kwenye kiatu. Nikamwambia hakuna ukurasa wa mwisho. Akasema, "Haina noma kaka, nitamkamata mwenyewe."

Nikipewa ruhusa ya kumwelekeza mchoraji wa Bwana Msa, ningeomba mambo machache. Asichore mzimu usiku. Usiku kila kitu kinatisha, hata ndoo. Achore nyuso za waliofika kwanza kwenye maiti, mmoja mmoja, ukurasa kwa kila uso, ili msomaji ageuze nyuma baadaye aone nani hakushangaa vya kutosha. Achore kiko kikiwa kimezimika, maana Bwana Msa akifikiri sana namwona amesahau kuvuta. Na ule mzimu auchore mara moja tu, saa sita mchana, jua kali, vitambaa vimepauka, kuku wanachakura chini yake na mtoto amesimama pembeni anakula embe.